Chupa za Sucré Chini ya Kitanda

Wiki iliyopita, katika kliniki moja ya mtaa wa Makomeno, mgonjwa aliyelala kando ya shangazi yangu alimlalamikia daktari kwamba sukari ya damu haishuki na nguvu zinazidi kumwishia. Daktari aliinama na kuziona chupa za sucré, soda ambazo wageni huwaletea wagonjwa, zimejaa chini ya kitanda.

«Mama, mu seli za mafuta muko bintu bidogo sana, mitokondria. Bile njo binachoma chakula, bitoe nguvu. Sukari ikipita kipimo, binaharibika.»

«Bikiharibika, docta, binapona?»

«Pengine. Mu panya banakwisha kuona binapona. Mu bantu bado banatafuta. Lakini sukari inaharibu na macho, mama; yako haitangojea.»

Mwanamke yule alilikunja shuka ndani ya ngumi yake. Mimi niliyezoea kupima hoja hulipenda neno «pengine». Safari hii sikulipenda.

Ndipo alipoingia mama mkwe wake, chupa ya sucré mkononi, imekwisha kufunguliwa. «Kunywa, mutoto yangu, upate nguvu.»

Mgonjwa alimtazama daktari. Daktari, ambaye naye ni mkwe wa watu, alitazama dirishani. Basi mgonjwa aliipokea chupa kwa mikono miwili, akanywa.

Kuhusu panya, nasubiri ushahidi zaidi. Kuhusu binadamu, naweza kula kiapo: mwanamke yule alikiogopa alichokunywa, ila alimwogopa zaidi aliyekileta.