Wimbo wa Mjane Haukatizwi

Zuurakan, jirani yangu, alikuwa na sauti ya kumliza hata mchinja farasi. Kwetu Naryn, huku kwenye milima ya wafugaji, mwanaume akifa, mkewe huketi ndani ya hema la manyoya, akaupa mgongo mlango, akaomboleza kwa kuimba. Na mjane akiimba hakatizwi, hata akikutukana wewe na ukoo wako.

Miaka tisa Zuurakan na mumewe Toktosun walimfuata Isa, na miaka tisa kijiji kiliwasusa. Maziwa yao hayakununuliwa. Kila Zuurakan alipotaka kumweleza mtu habari za Isa, mtu huyo alikumbuka kwamba ana chungu motoni. Hata mimi nilikumbuka chungu, na moto sikuwa nimewasha.

Toktosun alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu, Imamu Sadyr alimfuata mjane.

“Tutamzika kando ya baba yake, kama mtu wetu. Ila huyo Isa wako mfungie sandukuni siku hizi tatu. Ukimtaja tu, mwili hauingii makaburini.”

“Nimesikia, mwalimu.”

“Kusikia hata kondoo anasikia. Umekubali?”

Akakubali. Kulala kando ya baba yake ndilo jambo pekee Toktosun aliloomba.

Siku mbili aliimba kama wajane wote: farasi wa marehemu, kofia yake, mikono yake. Siku ya tatu, kaburi likichimbwa, mama mkwe wake, bibi Kalipa, akajikokota hadi mgongoni pake.

“Binti yangu, mwanangu kaenda wapi? Hawa wananiambia vumilia, vumilia. Wewe uliyelala naye niambie. Yuko wapi?”

Nilikuwa nakanda unga wa maandazi ya msiba. Nikasema moyoni, funga mdomo, Zuurakan, funga. Akafungua. Akaimba kwamba Toktosun yuko kwa Isa, aliyekufa akafufuka, na mlango bado uko wazi, mama, hata kwako. Aliimba mpaka sauti ikapasuka. Hakuna aliyemkatiza, mila ni mila.

Habari ilipofika makaburini, wanaume wakalifukia kaburi likiwa tupu.

Toktosun alibebwa kwa lori la viazi hadi makaburi ya Warusi Wakristo, kilomita sitini, theluji ikianguka. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, lakini siku ile tulichimba sisi: Zuurakan, bibi Kalipa, mimi na dereva wa lori. Mimi nilikwenda kwa aibu ya kile chungu changu.

Tulipomaliza, bibi Kalipa akasema, “Imba tena ile sehemu ya mlango ulio wazi.”

Zuurakan akafungua kinywa. Sauti ilikuwa imekwisha. Akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo tu, akauma shela yake akilia.

Bibi Kalipa akanigeukia. “Wewe ulikuwepo. Ulisikia. Sema basi.”

Nikatafuta chungu cha kukumbuka, nikakikosa. Nikamwambia yote kama nilivyoyasikia, neno kwa neno, na mpaka leo sijui kama nayaamini.