Mutoto wa Udongo kwenye Meza ya Madame

Leo Madame ameweka mutoto wa Mama Generoza karibu na sahani ya biskuti, ili wageni wamuangalie.

Mutoto wa udongo. Lakini ngojeni.

Huyu Madame ni bibi ya muzungu wa mashamba ya pareto hapa Nyamitaba. Tangu surua ichukue watoto wetu, yeye njo munganga wa mioyo. Anatukusanya sisi mama zao kwenye barza ya mbele ya nyumba yake, anatugawia udongo: "Finyangeni huzuni yenu, itatoka."

Yeye mwenyewe hagusi. Anaogopea kucha zake.

Mimi nilifinyanga chungu, maana cha nyumbani kilipasuka. Akasema ule ni moyo wangu mutupu. Nikaitika, "Ndiyo, Madame." Muntu wa namna hiyo utamujibu nini?

Mama Generoza, ambaye hakusema neno tangu mazishi, alifinyanga mutoto. Leo tumemukuta mutoto yule mezani, pamoja na vitu vyetu vingine, mbele ya wazungu wanaokunywa chai.

Mama Generoza akapanda barza bila kuitwa. Akamuchukua, akamufunga mugongoni na kitambaa, polepole.

Madame akasema, "Lakini mama, wageni hawajamaliza kuangalia."

Hawajamaliza. Semeni ninyi, huyu Madame iko na mutoto kwao?

Nikabeba chungu changu. Wenzangu wakabeba vyao. Meza ikabaki na biskuti zake.

Huko njiani Mama Generoza akafungua kinywa, mara ya kwanza:

"Niangalieni nyuma. Amelala?"

Tukamujibu amelala.