Waya Nene, Vitambaa Vizito
Karani wa tikiti wa stesheni ya Voi hushika waya kama anayeshika kifaranga, kwa vidole viwili, kile kidogo kimeinuliwa. Kila mwisho wa mwezi hurudi kutoka Mombasa na waya mpya ya spika, nene kuliko iliyopita. Hupiga magoti mbele ya stirio, huunganisha, hufumba macho, kisha husema kwa sauti ile ile ya kutangaza treni: "Umesikia? Sasa gitaa limetoka chumbani, liko hapa sebuleni!" Jirani yake Crispus husikia tu mtu yule yule anayeimba akiwa amejifunika blanketi.

Jumapili iliyopita uvumilivu ulimwisha Crispus. Akanyoosha mkono kwenye spika, zilizofunikwa gubigubi kwa vitambaa vizito vya kufuma, vyenye tausi na "Karibu Mgeni".

"Bwana karani, si tutoe hivi tu?"

Karani akamdaka mkono, jasho limemtoka, macho kwenye mlango wa jikoni. "Wee! Vimefumwa na mama mkwe, na leo yuko!"

Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni, na sindano yake na uzi wa waridi. Akaitazama waya kwa huruma, akamgeukia karani.

"Baba Elsie, na hii mbona umeiacha uchi?"