Mwalimu wa kwaya alivyokwangua besi ya marehemu baba, yakatukuta Ilembo

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hili sijahadithiwa, nilikuwepo.

Jana dogo mmoja ofisini kafanya force push kwenye repo ya timu, ile hifadhi ya pamoja ya code za programu. Yaani kafuta history ya kazi ambayo wenzake walishaichukua, kaweka ya kwake. Siku nzima watu wamevurugana.

Nikakumbuka Mpanda, miaka ya tisini.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alitunga wimbo wa matoleo, solfa, zile do-re-mi za kila sauti, akaziandika kwa wino kwenye daftari la kwaya. Kwaya za vijijini, Kasekese wakiwemo, zikaja kunakili kwa mkono. Fotokopi ilikuwa anasa.

Baba akafariki. Akaja mwalimu mpya, fundi kwelikweli, simnyimi haki yake. Akaona besi ya baba nzito mno.

Sasa badala ya kuandika ukurasa mwingine, akachukua wembe, akakwangua wino taratibu, akaandika besi yake palepale. Akatufundisha sisi kwaya ya mjini. Vijijini hakumwambia mtu.

Siku ya kutabaruku kanisa Ilembo, kwaya zote zikaunganishwa. Mazoezi ya pamoja hakuna, maana kila mtu wimbo anaujua.

Weee! Besi za mjini zinapanda, za Kasekese zinashuka. Paroko akainua mkono, tukanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu akawageukia Kasekese: "Nyie mmekosea. Daftari hili hapa."

Kiongozi wao, mama mmoja mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akamjibu: "Mwalimu, sisi tulinakili kwa marehemu mwenyewe. Na kuimba alitufundisha yeye."

Paroko akaamua Kasekese waimbe peke yao.

Mama yangu alikuwa benchi la mbele. Besi ilipoingia akajifunika kanga usoni, akalia.

Wakuu, kazi ambayo wenzako wameshaibeba kwao usiikwangue. Ongeza ukurasa wako, uwaambie. Besi ya mwalimu ilikuwa tamu, na ingependwa tu.

Dogo nilipomsimulia akabisha: "Sasa bro, hasara iko wapi? Si Kasekese walikuwa na kopi?"

Nikamwambia alichosema mama yangu siku ile tukirudi nyumbani: "Mwanangu, kila Jumapili nikisikia ule wimbo unakwenda vingine, nilidhani nimeanza kumsahau baba yako."



Haya, na nyie mliowahi kukwanguliwa kazi, mwageni yenu hapa chini.