Moshi wa Kimumu ukifika Kapseret

Leo nimefundishwa kemia na mwanafunzi niliyewahi kumpa D, na bado natabasamu.

Hapa Kimumu, tangu zile fujo za baada ya uchaguzi, nyumba zilipochomwa, hakuna anayewasha moto shambani bila kuwaambia majirani kwanza. Moshi bado unashtua watu.

Kwa hivyo asubuhi nikaenda kwa jirani, Mama Atieno.

"Nachoma mabua ya mahindi, usishtuke. Upepo utapeleka moshi upande wa Kapseret, na ukifika huko utakuwa umeisha."

Binti yake Atieno, yule wa D, akatoka jikoni. Siku hizi anasomea mambo ya hewa chuoni.

"Mwalimu, hauishi. Jua linaupika njiani. Gesi zake zinageuka kuwa zingine, kama ozoni, na hiyo inachoma kifua."

"Lakini si unakuwa mwepesi?"

"Unakuwa mwepesi, na unakuwa mkali. Hiyo ni oksidesheni, gesi kushikana na oksijeni. Si wewe ulitufundisha?"

Jamani. Miaka ishirini naandika hilo neno ubaoni, sijawahi kuangalia juu angani.

Halafu nikakumbuka nani anaishi Kapseret na pumu yake. Mama mkwe.

Kila msimu tukichoma mabua huku, yeye hunipigia simu akikohoa. Na mimi, mwalimu wa kemia, humwambia avae sweta.

Nikampigia, nikakiri yote. Akakohoa kwanza.

"Hayo mabua yalete yote, ng'ombe wangu watakula. Na hiyo pole utaniambia ukiwa hapa, si kwa simu."

Pikapu inapakiwa sasa hivi. Nani ananisindikiza? Awe mtu anayejua kuomba mkwe msamaha.