Saruji ya Jino la Mama Zuhura

Siku ambayo moyo wangu huirudia mara nyingi, mwanangu, ilikuwa Ijumaa ya joto kali pale Temeke, katika kliniki ndogo ya meno nilikoanzia kazi. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nimejaa imani kwamba kumhudumia mnyonge ni kumhudumia upesi. Bosi wangu alikuwa Daktari Tumaini, mama wa makamo kutoka Njombe, mpole wa sauti, mgumu wa kanuni.

Mgonjwa wetu, Mama Zuhura wa Tandika, aliingia amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Kofia ya jino lake la mbele, lile gamba la bandia linalovishwa juu ya kisiki cha jino, ilikuwa imebanduka, na kesho yake binti yake alikuwa anaolewa. Harusi zetu unazijua: kigelegele cha kwanza ni cha mama wa bibi harusi.

"Ilibandikwa kwingine, ikatoka na kipande cha muhogo," alisema. "Kesho ikiruka mbele ya wakwe, mie nahama mji."

Nikamwonea huruma. Kile kioo tunachokorogea saruji ya meno, ambacho hupozwa ili saruji isigande upesi, nilikitoa kwenye friji kabla hakijapoa, nikamimina unga wote kwa mkupuo juu ya matone ya dawa yake ya maji. Joto letu la Dar nalo halina simile. Mchanganyiko ukaanza kukaza ningali nakoroga. Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa ile, niongeze tone.

"Acha hapo," alisema Daktari, akanishika kiwiko. "Unafanya nini?"

"Naulainisha, Daktari, uteleze."

"Utateleza kweli, na kesho kofia itaufuata. Huruma yako ni ya leo tu. Kesho ya huyu mama umemwachia nani?"

Nikautupa wote. Tukakiosha kioo, tukakirudisha kwenye friji, tukangoja.

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo!" alilalamika Mama Zuhura. "Nimeachama kama mamba wa Rufiji, na huko nyumbani mchele haujachambuliwa!"

"Na haraka yang'oa meno, dada yangu. Tulia."

Kioo kilipopoa, Daktari alinionyesha kukipangusa umande, maana hewa yetu ya pwani hukitoa jasho kila kitu baridi, na maji hayo ndiyo huidhoofisha saruji. Unga ukaingia kidogo kidogo, nikaukoroga na kuutandaza juu ya kioo kizima, hadi uji ule ulipovutika kama asali. Jino likakaushwa, kofia ikavishwa, mama akaambiwa ang'ate pamba na asiseme neno mpaka saruji ishike. Kumnyamazisha Mama Zuhura, mwanangu, ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote.

Alitualika. Jumamosi tulisimama pembeni mwa turubai, Daktari amenishika kiwiko. Bibi harusi alipotokea, mama yake aliitupa khanga begani, akainua uso, akapiga kigelegele kirefu kilichoamsha mtaa mzima. Kisha akatutazama, akacheka meno yote nje.

"Imekaa," alinong'ona Daktari.

Daktari alikwisha kurudi Njombe, na huko ndiko alikozikwa. Kliniki yetu sasa ni duka la simu. Saruji nyingi siku hizi huja imepimwa tayari, nami silalamiki; ila vidole vyangu bado vinautamani ubaridi wa kile kioo. Na kila ninaposikia vigelegele, hugeukia upande aliosimama yeye. Hayupo.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: kamba hukatikia pembamba. Kazi ikikukazia mikononi, usiongeze tone ili ikulainikie. Itupe, uanze upya, hata kama anayengoja anakulaumu. Jambo lolote unalotaka lidumu, liwe kazi, liwe ndoa, lipe ubaridi wake, likaushe, kisha uliache lishike. Na anayekuzuia mkono, mpende angali hai.

Mungu akujalie subira ya kungoja kioo kipoe, na asikunyime, popote uendapo, mtu wa kukushika kiwiko.