Stendi ya santuri yangu ilikuwa kinu cha mke wangu

Wakuu, habari za humu.

Nimesoma mabishano yenu ya stendi za spika. Wengine mnacheka kwamba ubao haubadilishi sauti. Shule yangu iliishia darasa la nne, fizikia sina. Nitawaambia yaliyonikuta, bila kujipendelea.

Enzi za Ujamaa tuliishi mjini, mtaa wa Buzebazeba, mimi na mke wangu, Mama Zuhura. Nilikuwa na mashine ya santuri ya betri, spika yake humo humo.

Meza yangu ilikuwa na miguu myembamba. Mtu akipita, sindano inaruka.

Mke wangu akatoa kinu cha marehemu mama yake, cha mvule, kilichopasuka mdomo. Akakipindua, akaitua mashine juu ya kitako. Sindano ikatulia. Besi ikaja nzito.

Jirani yetu Bilali akipita anauliza, "Shemeji, leo mnatwanga muhogo au rumba?"

"Ingia upate vyote," mke wangu anamjibu, huku anacheza.

Kisha tukahamishiwa kijijini. Lori limejaa, mke wangu akasema, "Baba Zuhura, kinu changu."

"Kibovu hicho. Huko miti imejaa, tutachonga kingine."

Akapanda lori. Njia nzima aliipakata mashine.

Kule nikaiweka juu ya debe tupu, nimelipindua. Sauti ikawa ya bati, inakwaruza, besi hakuna.

"Umeigonga kwenye lori," nikamwambia.

"Sijaigonga. Nimeipakata kama mtoto."

"Basi imejigonga yenyewe."

Sikumpiga. Sijisifu, maana nilichofanya kilidumu zaidi ya kofi. Kila akija mgeni nilisema, "Msishangae sauti, huyu aliiangusha." Na yeye yupo hapo hapo, anapakua dagaa.

Mwisho akawa akiniona natoa santuri kwenye ganda lake, anatoka nje. Hakucheza tena. Na kinu kingine sikumchongea.

Mwaka wa tatu homa ikamchukua.

Kwenye matanga wanawake waliazima kinu cha kutwangia muhogo. Madebe yote yakaenda kutekea maji, hata lile la santuri. Kazi ya kutwanga ilipoisha, mtu akapindua kinu, akaitua mashine juu yake, basi tu, isikae chini.

Arobaini ilipopita, kinu cha watu bado hakijarudishwa, nikaiwasha.

Besi ilikuwepo, wakuu. Ile ile ya Buzebazeba. Nikaihamishia kwenye debe, ikakwaruza. Nikairudisha kwenye kinu, ikatulia. Nilirudia mara nyingi, nikitamani nikosee.

Mashine haikuwahi kuharibika.

Kwa hiyo msibishane. Kitu kizito chenye kitako kinene kinatulia, kitu chepesi cha bati jembamba kinaongeza kelele zake. Kabla hujatafuta aliyeharibu, hamisha chombo kwanza. Ni kazi ya dakika moja. Mimi ilinishinda miaka mitatu.

Waliojaribu mawe, mchanga au magogo, semeni mlichosikia. Na anayejua mtu aliyezikwa anaombwaje radhi, aandike pia. Nitasoma.